Pauni, hisa na riwaya: maswali yenu kuhusu fasihi ya enzi ya Malkia Victoria

Barua za mwezi huu zimeelekea upande mmoja: fedha katika riwaya za Uingereza za wakati wa Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901, na wanauchumi waliosomwa wakati huohuo. Baadhi ya barua tumezifupisha.

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Ninafundisha fasihi ya Kiingereza kidato cha tano na sita. Wanafunzi wangu wakikutana na mtu anayelipwa shilingi 15 kwa wiki wanacheka, maana kwao hiyo hainunui hata pipi. Nizibadilishe vipi fedha hizi ili waelewe? (Mwalimu, Iringa)

JIBU: Mwalimu, usizibadilishe. Mtandaoni kuna vikokotoo vya kugeuza pauni ya 1843 kuwa fedha ya leo, lakini jibu lake litakupoteza. Mkate, kodi ya nyumba, mshahara wa mtumishi na bei ya kitabu havikupanda kwa mwendo mmoja, kwa hiyo hakuna namba moja ya kuzidishia. Anza na hesabu yenyewe: pauni 1 ni shilingi 20, shilingi 1 ni peni 12, basi pauni ni peni 240. Gini ni shilingi 21. Ukiona 31/6, soma shilingi 31 na peni 6.

Kisha pima fedha kwa fedha nyingine za kitabu hichohicho au za wakati huohuo. Chukua Bob Cratchit, karani wa bahili Scrooge katika A Christmas Carol ya Charles Dickens. Shilingi 15 kwa wiki ni pauni 39 kwa mwaka. Nyumbani kwake kuna watu 8: baba, mama na watoto 6. Hadithi hiyo yenyewe ilipotoka Desemba 1843 iliuzwa shilingi 5. Waambie wanafunzi wagawe: kitabu kinachomlilia Bob kingemgharimu theluthi ya mshahara wake wa wiki. Riwaya ya kawaida ya juzuu tatu iliuzwa 31/6, yaani zaidi ya wiki mbili za kazi yake. Hapo darasa litanyamaza, na hamjagusa shilingi ya Tanzania hata kidogo.

Jambo la pili huwatatiza sana wasomaji wetu, kwa sababu tumezoea fedha inayopungua thamani mwaka hadi mwaka. Pauni ya wakati ule ilifungwa kwenye dhahabu. Bei zilipanda na kushuka, lakini hazikupanda moja kwa moja miaka nenda miaka rudi. Ndiyo maana katika riwaya hizi mjane anaweza kuachiwa fungu na kuishi kwa riba yake miaka 40. Dhamana za serikali zilizopendwa na watu waangalifu zililipa asilimia 3 hadi 1888. Kanuni ya kukariri ni hii: kila pauni 1,000 huzaa pauni 30 kwa mwaka. Mwandishi akisema binti ana pauni 5,000, msomaji wa zamani alisikia mara moja "pauni 150 kwa mwaka", akajua binti huyo ni wa tabaka gani na nani atamposa.

Na wasisahau kuuliza fedha ni ya nani kisheria. Kabla ya sheria za 1870 na 1882, mwanamke akiolewa, fedha zake taslimu na vitu vyake vilihamia kwa mume, isipokuwa kama ndugu zake walikuwa wameziweka mapema chini ya wadhamini. Posa nyingi katika riwaya hizi hazieleweki bila kujua hilo.

SWALI: Nimesoma kwamba uchumi uliitwa "sayansi ya majonzi" kwa sababu ya Malthus na hofu yake kwamba watu watazidi chakula. Je, ni kweli? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Maelezo hayo yameenea mno, hata katika vitabu vya kiada, na si sahihi. Jina hilo lilitoka kwa mwandishi Thomas Carlyle mwaka 1849, katika makala ya jarida la Fraser's Magazine. Mada yake haikuwa idadi ya watu. Ilikuwa Waafrika waliokuwa watumwa katika visiwa vya Karibi vya Uingereza.

Utumwa katika makoloni hayo ulifutwa kwa sheria ya 1833. Serikali ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa kitu. Kufikia 1838 walikuwa huru kabisa, na wengi wakaona afadhali walime vishamba vyao kuliko kurudi kwenye mashamba ya miwa kwa ujira wa kijungujiko. Carlyle aliona hiyo ni aibu, akataka walazimishwe kufanya kazi. Wanauchumi walimkera kwa sababu walisema mkulima huyo aachwe apatane na mwajiri kama mtu mwingine yeyote. Hayo ndiyo yaliyokuwa "majonzi" yake. John Stuart Mill, mwanauchumi, alimjibu katika jarida hilohilo Januari 1850 kwa ukali wa haki.

Tunalisisitiza hili kwa sababu linavunja picha ambayo wengi tumefundishwa: waandishi wenye huruma upande huu, wanauchumi wenye moyo wa jiwe upande ule. Carlyle ndiye aliyelalamika kwamba mtu na mtu sasa wameunganishwa na malipo ya fedha tu, na wahakiki bado wanamnukuu kwa hilo. Dickens alimtunukia riwaya yake ya Hard Times. Gavana Eyre alipozima maasi ya Morant Bay kule Jamaika mwaka 1865, wakauawa watu zaidi ya 400, Mill aliongoza kamati iliyotaka ashtakiwe. Carlyle, mwandishi mwenzake John Ruskin, na Dickens walikuwa upande wa gavana. Huruma yao kwa mfanyakazi wa Manchester ilikuwa ya kweli, lakini haikuvuka bahari. Ukiandika kuhusu watu hawa, andika yote mawili.

SWALI: Ninaandika tasnifu kuhusu uchumi katika Hard Times. Msimamizi amenirudishia sura ya kwanza mara mbili, anasema nimeandika muhtasari wa ubepari na kubandika nukuu. Nifanye nini? (Mwanafunzi wa chuo, Eldoret)

JIBU: Ndugu yetu, msimamizi wako amekusaidia. Kosa hili huanza pale mtu anapoanza na nadharia, kisha akazunguka kitabuni akitafuta mistari ya kuithibitisha. Geuza mwendo. Chagua onyesho moja, lisome mpaka ulijue, ndipo ujiulize ni wazo gani hasa la kiuchumi linalojaribiwa pale.

Tuchukue sura ya tisa ya kitabu cha kwanza. Sissy Jupe, binti wa mtu wa sarakasi, anamweleza Louisa, binti wa Gradgrind mwenye shule, jinsi anavyoshindwa darasani. Mwalimu amesema: tuseme darasa hili ni taifa, na taifa hili lina pauni milioni 50, je, si taifa lenye neema? Sissy akajibu kwamba hawezi kujua mpaka ajue nani anazo fedha hizo, na kama yeye anayo yoyote. Akaambiwa amekosea. Mwalimu akaendelea: mji wenye watu milioni moja, na kwa mwaka mzima ni 25 tu waliokufa njaa mitaani, unasemaje? Sissy akasema kwamba kwa hao 25 lazima ilikuwa vigumu vilevile, wawe wengine ni milioni moja au milioni mara milioni. Amekosea tena. Hata neno "takwimu" linamponyoka kinywani, linatoka kama neno la kigugumizi.

Sasa uliza: shabaha ni nini? Si hesabu. Sissy anauliza swali la hesabu lenye akili kuliko la mwalimu wake, yaani swali la mgawanyo. Kinachopigwa ni desturi ya kupima neema ya taifa kwa jumla na kwa wastani, desturi iliyokuwa changa na yenye nguvu; chama cha takwimu cha Manchester kilianzishwa 1833 na cha London 1834. Hapo una hoja ya sura nzima, na imetoka ndani ya kitabu.

Hatua inayofuata wengi huiruka: msome huyo anayeshambuliwa. Gradgrind amewaita wanawe wawili Adam Smith na Malthus, lakini Adam Smith halisi aliandika kitabu kizima kuhusu kuhurumiana mwaka 1759, na katika The Wealth of Nations ya 1776 alionya kwamba kumfungia mtu kwenye kazi moja ndogo maisha yote humdumaza akili. Kwa hiyo Gradgrind ni katuni. Sema hivyo, kisha eleza katuni hiyo inampa Dickens nini. Fanya hivyohivyo kwa chama cha wafanyakazi. Dickens alikwenda Preston Januari 1854 kuona mgomo wa viwanda vya pamba, na katika jarida lake akasifu utulivu wa wagomaji. Lakini ndani ya riwaya, msemaji wao Slackbridge ni mropokaji tu. Pengo hilo kati ya taarifa na riwaya ni mali kwa mtafiti.

Angalia tarehe zako pia. Riwaya ilitoka 1854. Kitabu cha Marx cha Das Kapital kilitoka 1867 kwa Kijerumani, na kwa Kiingereza 1887. Unaweza kumtumia Marx kuisoma riwaya, ila usiandike kwamba Dickens "anafuata" kitu ambacho hakikuwapo.

Na usiache umbo. Karibu na mwisho, Gradgrind anamsihi Bitzer, mwanafunzi wake wa zamani, amwachie Tom, mwana wa Gradgrind anayetafutwa kwa wizi, atoroke. Bitzer anamjibu kwa adabu kamili kwamba jamii yote ni suala la kila mtu kutazama maslahi yake. Akikumbushwa fadhila ya shule, anasema ada ililipwa, yalikuwa mapatano, na alipotoka shuleni mapatano yakaisha. Dickens hakumjibu kwa hoja. Alimwacha mwalimu asikie somo lake mwenyewe likitoka kwenye kinywa cha mwanafunzi aliyefaulu. Andika aya mbili juu ya hilo tu, na msimamizi wako ataona tofauti.

SWALI: Ni kweli Dickens alilipwa kwa idadi ya maneno, ndiyo maana vitabu vyake ni vinene? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: La. Alilipwa kwa toleo, na urefu wa toleo ulipangwa mapema. Riwaya zake nyingi kubwa zilitoka kila mwezi kwa shilingi 1: kurasa 32 na picha 2, matoleo 20 kwa miezi 19, la mwisho likiwa la mawili kwa pamoja. Msomaji alimaliza riwaya kwa shilingi 20 zilizogawanyika, badala ya 31/6 kwa mkupuo. Akiandika pungufu au kuzidi kurasa 32, ilibidi aongeze au akate. Hard Times ni fupi kwa sababu ilitoka kila wiki katika jarida la peni 2, ambako nafasi ilimbana kila juma. Unene wa riwaya za juzuu tatu, kwa upande mwingine, ulitunzwa na maktaba za kukodisha kama ya Mudie. Kwa gini moja kwa mwaka uliazima juzuu moja kwa wakati, kwa hiyo kitabu chenye juzuu tatu kilihudumia wateja watatu kwa pamoja. Mwaka 1894 maktaba hizo zilipobadili masharti yao kwa wachapishaji, riwaya ya juzuu tatu ikafa ndani ya miaka michache.

SWALI: Katika Cranford ya Elizabeth Gaskell, Miss Matty anamlipa mkulima asiyemjua kwa noti ya benki inayofilisika. Mume wangu anasema huo ni ujinga. Mimi nasema ni wema. Nani yuko sahihi? (Mama mwenye duka, Mombasa)

JIBU: Mama, onyesho hilo lina sheria ndani yake, na ukiijua mtasameheana. Miss Matty yuko dukani kwa Mr Johnson, amekuja kununua hariri. Kando yake mkulima amemchagulia shali mtu wa nyumbani kwake, anatoa noti ya pauni 5 ya Town and County Bank. Mwenye duka anaikataa. Noti za benki za mikoani hazikuwa fedha ya serikali. Zilikuwa ahadi ya benki ile kulipa, na benki ikiyumba, ahadi hubaki karatasi. Miss Matty anampa mkulima sarafu 5 za dhahabu, anachukua noti, na hariri yake haiwezekani tena.

Sababu yake ni kwamba yeye ni mwenye hisa wa benki hiyo. Kabla ya sheria za 1855 na 1856, na kwa mabenki hata baadaye kidogo, mwenye hisa hakuwa na kikomo cha wajibu. Kampuni ikianguka, wadai waliweza kumfuata mpaka kiti cha mwisho nyumbani kwake. Kwa hiyo anapoishika ile noti anaona deni lenye jina lake. Sheria isingemlazimisha alipe pale kaunta, siku ile, kwa mtu yule. Hilo ni lake mwenyewe. Lakini wazo kwamba noti inamhusu linatoka kwenye sheria yenyewe. Kwamba hali hiyo haikuwa ya riwaya tu, wenye hisa wa City of Glasgow Bank walikuja kuona mwaka 1878, ilipoanguka na wengi wao wakafilisika kwa kulipia madeni yake.

Hasara yake Gaskell anaiandika mpaka peni: pauni 149, shilingi 13 na peni 4 kwa mwaka. Zinabaki pauni 13, sawasawa na shilingi 5 kwa wiki. Anaanza kuuza chai sebuleni. Kabla ya kufungua, anakwenda kumuuliza Mr Johnson kama atamharibia biashara. Kwa mtazamo wa ushindani huo ni upuuzi, na baba wa msimulizi, mfanyabiashara, anasema hivyo. Ila Mr Johnson anaanza kumpelekea wateja, akiwaambia kwamba chai yake yeye ni ya kawaida, nzuri ziko kwa Miss Matty. Na msimulizi anaongeza, kwa sentensi moja, kwamba baba yake, pamoja na tahadhari zake zote, mwaka jana tu alitapeliwa zaidi ya pauni 1,000. Mwenye duka kama wewe anajua kuaminika kuna thamani gani mtaani. Gaskell alikuwa akilisema hilo kwa wanauchumi wa zama zake, na kwa maoni yetu alilisema vizuri kuliko Dickens.

SWALI: Nimesikia Gandhi aliathiriwa na mwandishi wa enzi hiyo. Ni nani, na aliandika nini? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Ni John Ruskin, na kitabu ni Unto This Last. Ni insha nne zilizotoka katika Cornhill Magazine mwaka 1860. Wasomaji walikasirika, na mhariri, mwandishi wa riwaya Thackeray mwenyewe, akamsimamisha. Kitabu kikatoka 1862. Jina limechukuliwa kwenye mfano wa Injili ya Mathayo, ule wa vibarua wa shamba la mizabibu, ambako aliyekuja mwisho alilipwa sawa na wa kwanza. Ruskin anasema daktari na askari hawalipwi kwa kushindanisha bei, basi kwa nini mfanyakazi? Mlipe ujira usiobadilika, mchague aliye mzuri. Mfano wake mmoja haukutoki kichwani: abiria wa meli ya California iliyozama alijifunga mkanda wa dhahabu, ratili 200, akaonekana baadaye chini ya bahari. Alipokuwa akizama, Ruskin anauliza, yeye alikuwa na dhahabu, au dhahabu ilikuwa naye?

Gandhi alikisoma mwaka 1904 ndani ya treni kutoka Johannesburg kwenda Durban, na mwaka huohuo akaanzisha makazi ya Phoenix. Baadaye alikifasiri kwa muhtasari kwa Kigujarati, akakiita Sarvodaya. Msomaji wa Kiswahili ajue jambo moja: sehemu ngumu ya kitabu ni insha ya nne, inayobishana na Mill na mwanauchumi mwingine, Ricardo, neno kwa neno. Usianze nayo. Insha ya kwanza inasomeka jioni moja.

SWALI: Je, sisi wa pwani tumo popote katika riwaya hizi? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Kwa jina, ni nadra sana. Kwa vitu, ndiyo. Enzi ya Victoria Unguja ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya pembe za ndovu duniani, na pembe hizo zilikwenda kuwa vitufe vya piano, mipira ya biliadi na vipini vya visu. Pembe ilitoka bara mabegani mwa watu, wengi wao wakiwa watumwa au wapagazi wa ujira mdogo. Katika riwaya piano ni kipimo cha tabaka: familia inayoinuka hununua, inayofilisika huuziwa kwenye mnada, kama piano ndogo ya Amelia katika Vanity Fair ya Thackeray. Waandishi wanatuambia bei yake, nani ameinunua, nani anailia. Pembe ilikotoka hawaandiki. Ukiwa na riwaya yoyote ya miaka ya 1860 au 1870, jaribu kuorodhesha vitu vya chumba kimoja cha wageni: chai, sukari, mahogani, pamba, vitufe vya piano. Andika mbele ya kila kimoja kilitoka wapi na kwa kazi ya nani. Kurasa mbili tatu tu zitakupa kazi ya wiki nzima.